Menyu ikipotea, programu zimeenda wapi?

"Habari yako, mwalimu. Nina saiba ndogo huku Umoja: natoa kopi, nachapa barua, nasaidia watu kuingia eCitizen ya huduma za serikali na KRA ya kodi. Nilinunua laptopu iliyotumika pale Luthuli, fundi akaniwekea Linux Mint ya Xfce kwa sababu alisema Windows 11 haiwezi kuingia. Nilikuwa nimeshaizoea. Juzi mtoto aliichezea, na ule mstari wa chini wenye kitufe cha menyu ukapotea. Nikajua programu zote zimefutika. Nikazima, nikawasha, wapi! Mpwa wangu akaja, akafungua dirisha jeusi, akaandika kitu, mstari ukarudi. Akaniambia bila kujua amri sitafika mbali na mashine hii, na tena nichunge, herufi moja mbaya inafuta kila kitu. Sasa naogopa hata kuigusa. Pia kuna programu ya kupanga picha za pasipoti niliyoipakua: haimo kwenye menyu, lazima niitafute kwenye Downloads kila mteja akija. Na nilipojaribu kunakili ikoni ya LibreOffice, ile ya kuandikia barua, kwenye flashi nipeleke kompyuta nyingine, haikufunguka. Je, ni lazima nijifunze hizo amri, ama nirudi kwa fundi anirudishie Windows?"

Dada, kwanza utulie: hakuna kilichofutika. Programu zako zilikuwa pale pale kwenye diski muda wote ambao mstari haukuonekana, na barua za wateja wako pia. Umeniuliza mambo kama manne, lakini yote yanatoka mahali pamoja. Wengi wetu tulifundishwa kompyuta kwa kuonyeshwa picha: bonyeza hapa, hiyo ndiyo Word. Tukaamini ile picha ndiyo programu yenyewe. Ukishalitenganisha hilo kichwani, hofu yako nyingi itaisha kabla hujajifunza amri hata moja.

Fikiria orodha ya vyakula iliyoandikwa ukutani hotelini. Mtu akifuta neno "chapati" kwa kitambaa, chapati bado ziko jikoni na mpishi bado yupo. Kilichopotea ni njia yako ya kujua kwamba zipo. Menyu ya kompyuta iko hivyo hivyo.

Tuingie jikoni basi. Kwenye Linux, yaani mfumo unaoendesha mashine yako badala ya Windows (Mint ni toleo lake moja), kila kitu unachokiona kwenye menyu kinatokana na faili dogo la maandishi ambalo jina lake huishia na .desktop. Mengi ya mafaili hayo yamo kwenye folda iitwayo /usr/share/applications. Ukilifungua moja kwa kihariri cha maandishi utakuta mistari michache tu inayosomeka. Mstari wa Name unataja jina litakaloonekana. Icon unataja picha. Categories unasema kiwekwe kwenye kundi gani, kama ni la ofisi, la michoro au la intaneti. Halafu kuna Exec, na huu ndio mstari wa maana kuliko yote, kwa sababu ndani yake imeandikwa amri. Unapobofya ikoni ya Firefox, kompyuta inausoma mstari wa Exec, inakuta neno firefox, na inatekeleza amri hiyo sawasawa na ambavyo ungeiandika wewe kwa mkono.

Kwa hiyo dada, umekuwa ukitoa amri tangu siku ya kwanza. Menyu ilikuwa ikikuandikia.

Mpangilio huu wa mafaili haukubuniwa na watu wa Mint. Mazingira makubwa ya eneokazi ya Linux (eneokazi ni ile skrini ya kazi yenye ikoni na menyu), yaani GNOME, KDE, Xfce uliyo nayo wewe na mengine, yanafuata kanuni moja iliyoratibiwa na mradi wa freedesktop.org ulioanza mwaka 2000. Ndiyo maana mteja wako akija na laptopu ya Ubuntu, toleo jingine la Linux, utakuta menyu yake ina sura nyingine kabisa, lakini LibreOffice inajitokeza humo bila mtu kuipanga upya.

Sasa utaelewa kilichotokea kwenye flashi yako. Ulinakili lile faili dogo la maelezo. Limefika kwenye kompyuta ya pili likisema "endesha LibreOffice", na huko LibreOffice haipo, au ipo mahali pengine. Hata kwenye Windows ni vivyo hivyo: ile ikoni yenye mshale mdogo pembeni inaelekeza tu kwenye programu. Programu haihamishwi kwa kuburuta ikoni, inasakinishwa upya kwenye mashine ya pili. LibreOffice ni ya bure, kwa hiyo huko iweke moja kwa moja kutoka kwa watengenezaji wake.

Turudi kwenye mstari uliopotea. Mstari huo unaitwa paneli, nao ni programu kama programu nyingine. Jina lake la amri ni xfce4-panel. Inaweza kuanguka, inaweza kuzimwa, na mtoto akibonyeza-bonyeza anaweza kuifikia. Sikuwepo, lakini kwa jinsi ulivyoeleza, kuna uwezekano mkubwa kwamba mpwa wako aliandika neno hilo moja tu. Na hakuhitaji hata lile dirisha jeusi. Siku ikirudia, bonyeza Alt na F2 pamoja. Kitatokea kisanduku kidogo katikati ya skrini. Andika

xfce4-panel

kisha bonyeza Enter. Kwenye laptopu nyingi za kibiashara zilizotumika, vitufe vya juu vimepewa kazi ya sauti na mwangaza, kwa hiyo kisanduku kisipotokea shikilia na kitufe cha Fn pia. Kisanduku hiki cha Alt na F2 kiko karibu kila mazingira ya Linux, na kinakupa njia ya kufungua chochote hata kama huoni kitufe kimoja kwenye skrini: andika firefox, andika libreoffice, andika thunar kupata mafaili yako. Njia nyingine ni kubofya kulia mahali patupu kwenye eneokazi. Kwa kawaida Xfce huweka orodha ya Applications humo. Na paneli ikiwepo lakini kitufe cha menyu ndicho kilichoondoka, bofya kulia kwenye paneli, ingia Panel, kisha Add New Items, uchague Whisker Menu.

Umeshangaa kwamba kuzima na kuwasha hakukusaidia. Xfce ina tabia ya kukumbuka hali ya eneokazi wakati wa kutoka, ikiwa kile kisanduku cha kuhifadhi kikao kimewekwa alama. Ikihifadhi wakati paneli haipo, kesho itakufungulia bila paneli, kwa utiifu kabisa. Kwa kuwa sasa imerudi, siku moja unapotoka weka alama pale penye Save session, ili ikumbuke hali nzuri. Baada ya hapo uiondoe alama hiyo, isiendelee kukumbuka kila ajali.

Na mtoto mfungulie akaunti yake. Nasisitiza hili kuliko jambo jingine lolote katika jibu hili. Mipangilio ya paneli, menyu na eneokazi huhifadhiwa kwa kila mtumiaji peke yake, kwa hiyo mtoto akivuruga paneli ya kwake, yako haiguswi. Fungua menyu, andika users, ingia Users and Groups, ongeza mtumiaji wa kawaida asiye msimamizi, na akaunti yako uipe neno la siri ambalo yeye halijui. Una nakala za vitambulisho vya watu kwenye mashine hiyo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamhusu yeyote anayehifadhi taarifa za wengine, na hata kama sheria isingekuwepo, mteja aliyekuachia kitambulisho chake anastahili kuheshimiwa.

Sasa lile dirisha jeusi, yaani terminali. Mpwa wako amesema mambo mawili. La kwanza, kwamba huwezi kufika mbali bila amri, si kweli kwa kazi yako. Kuchapa, kuskani, kuvinjari, kupanga picha, yote hayo yana madirisha na vitufe, na ninawajua watu wanaoendesha ofisi nzima kwa Linux bila kuifungua terminali. La pili, kwamba herufi moja mbaya inafuta kila kitu, lina chembe ya ukweli ambayo imekuzwa kupita kiasi, na nataka uelewe ni chembe ipi.

Ukiandika neno ambalo kompyuta hailijui, inakujibu tu kwamba amri hiyo haikupatikana. Basi. Inalitafuta neno la kwanza uliloandika kwenye orodha ya folda inazozijua, kama /usr/bin, isipoliona inaacha. Makosa mengi ya kuandika huishia hapo. Kosa la kawaida kabisa ni herufi kubwa: Firefox na firefox ni vitu viwili tofauti kwa Linux, na amri karibu zote ni za herufi ndogo. Kosa la pili ni nafasi. Neno la kwanza ndilo amri, na kila kinachofuata baada ya nafasi kinahesabiwa kuwa maelezo ya ziada. Kwa hiyo faili lenye jina "barua ya chifu" litaonekana kwake kama vitu vitatu, usipolifunga ndani ya alama za kunukuu.

Hatari yenyewe iko mahali pawili. Amri ya rm hufuta faili bila kulipitisha kwenye pipa la taka, na haikuulizi mara mbili. Na neno sudo likitangulia amri yoyote, linaipa mamlaka ya msimamizi, yaani uwezo wa kugusa mfumo wote. Bila sudo, mtumiaji wa kawaida hawezi kuharibu mafaili ya mfumo hata akitaka. Wengi husema hapo basi uko salama. Mimi sikubaliani nao kwa mtu mwenye duka. Mfumo ukiharibika, fundi anausakinisha upya mchana mmoja na ni wa bure. Barua, CV na skani za wateja wako ziko kwenye folda yako mwenyewe, ambayo rm inaweza kuifuta bila sudo yoyote. Linda mafaili yako kuliko unavyoilinda Mint. Kuwa na nakala kwenye diski ya nje ambayo haikai imechomekwa, na uiongeze kila Jumamosi kabla ya kufunga duka.

Kanuni yangu kwa wanafunzi wangu ni kwamba usibandike amri usiyoweza kuieleza kwa maneno yako. Mtandaoni utakuta mtu anakwambia bandika mstari huu wenye sudo, tatizo litaisha. Kama huelewi kila neno, mtumie mtu unayemwamini akusomee kwanza. Na unapoombwa neno la siri baada ya sudo, usishtuke ukiona hakuna nyota wala nukta zinazotokea unapoandika. Inapokea, haionyeshi tu.

Pamoja na hayo, ningependa uijue terminali kidogo, kwa sababu moja ambayo menyu haiwezi kukupa: terminali inasema. Chukua mfano wa programu ya kuskani. Unabofya ikoni yake, duara linazunguka kidogo, halafu kimya. Hujui kama ni skana, ni waya au ni programu. Bofya kulia kwenye jina lake ndani ya menyu, chagua Edit Application, na utaiona amri yake imeandikwa mbele ya neno Command. Kwa programu ya kuskani ya Mint ni simple-scan. Funga bila kubadilisha chochote, bonyeza Ctrl, Alt na T kufungua terminali, andika

simple-scan

na Enter. Ikishindwa, safari hii itakuachia maandishi yanayoeleza ilipokwama. Huenda usiyaelewe, lakini yapige picha kwa simu umtumie fundi, na yeye ataanza kazi akiwa ameshajua nusu ya tatizo. Kumbuka tu kwamba programu iliyofunguliwa kwa njia hii imefungamana na lile dirisha jeusi. Ukilifunga dirisha, mara nyingi programu nayo inaondoka. Na ukitaka kunakili maandishi humo ndani tumia Ctrl, Shift na C, kwa maana Ctrl na C peke yake husimamisha amri inayoendelea.

Ukiwa humo, jaribu pia df -h. Amri hii haibadilishi chochote, inakuonyesha tu nafasi iliyobaki kwenye kila diski. Mashine nyingi za saiba ambazo watu huniambia "zimekuwa nzito" nikiangalia hapo nakuta diski imejaa skani za miaka.

Programu yako ya picha za pasipoti haimo kwenye menyu kwa sababu hakuna aliyeiandikia lile faili dogo la .desktop. Kwa jinsi ulivyosema, uliipakua kama faili moja na unaibofya ilivyo. Nadhani ni aina inayoitwa AppImage, ambayo haijisajili yenyewe kwenye menyu. Rahisi kurekebisha. Kwanza ihamishe kutoka Downloads, maana Downloads ni mahali pa kusafisha na siku moja utaifuta pamoja na takataka. Tengeneza folda ndani ya nyumba yako ya mafaili, uiite Programu, bila nafasi kwenye jina, uiweke humo. Fanya hivi mwanzo, kwa kuwa ukiihamisha baadaye mstari wa Exec utakuwa unaelekeza mahali patupu. Kisha bofya kulia kwenye eneokazi, chagua Create Launcher, andika jina unalotaka, labda Picha za Pasipoti, na kwenye Command bofya kile kitufe cha folda uende ukalichague faili lenyewe. Chagua ikoni. Hifadhi.

Sasa ipo kwenye eneokazi. Ukitaka iingie na kwenye menyu, fungua folda yako ya nyumbani, bonyeza Ctrl na H ili folda zilizofichwa zionekane, ingia .local, kisha share, kisha applications, unakili ikoni ile humo. Kama folda ya applications haipo, iunde. Folda hiyo ni yako peke yako, na mfumo ukikuta humo faili lenye jina sawa na lile la /usr/share/applications, hulifuata la kwako. Faida yake ni kubwa: ukiharibu kitu unapohariri menyu, futa nakala iliyo kwenye folda yako na ile ya asili itarejea.

Hata hivyo, nakuomba uache tabia ya kuwinda vitu kwenye makundi ya menyu kwa kipanya. Ninaona watu wenye mteja amesimama mbele yao wakiteremka orodha, wakipanda, wakifungua kundi lisilo lenyewe. Gusa kile kitufe chenye nembo ya Windows kwenye kibodi, menyu itafunguka na kielekezi kikiwa tayari kwenye nafasi ya kuandika. Andika herufi tatu nne: cal kwa majedwali, wri kwa barua, scan kwa kuskani. Enter. Menyu hii haitafuti jina pekee, inatafuta na maelezo ya programu, kwa hiyo hata usipokumbuka jina unaweza kuandika kazi unayotaka kufanya. Zile nne tano unazotumia kutwa, bofya kulia uchague Add to Favorites ili zikae mbele.

Kuhusu kurudi Windows, nitakupa pande zote mbili. Fundi wako hakukudanganya. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inakubali rasmi prosesa za kizazi cha 8 na kuendelea kwa sehemu kubwa. Zipo njia za kuiingiza kwa kulazimisha kwenye mashine za zamani, nami sizipendekezi kwa duka, kwa kuwa hutakuwa na uhakika wa masasisho. Windows 10 ingeingia bila shida, ila msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kuweka nakala za vitambulisho vya watu kwenye mfumo ambao mianya yake haizibwi ni kujitafutia balaa. Upande wa pili: eCitizen na iTax ya KRA zinafunguka kwenye kivinjari chochote cha kisasa, hapo Mint haikupungukii. Panapoweza kukusumbua ni mafaili ya Excel yenye makro, yaani amri ndogo zilizopachikwa ndani ya faili, ambayo LibreOffice haiyaendeshi yote, na printa ambazo watengenezaji hawajatoa viendeshi vya Linux, yaani programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kuitumia printa. Kama sehemu kubwa ya kipato chako inategemea mojawapo ya hayo mawili na umejaribu ukashindwa, basi nunua mashine inayoikubali Windows 11, hii ibaki ya kazi nyingine. Kama sivyo, sioni sababu ya kuihama mashine ambayo mwenyewe umesema ulikuwa umeizoea.

Yapo mambo ambayo nisingependa uyashughulikie kwa kusoma maandishi yangu. Ukiweka neno la siri, skrini ikawaka kisha ikakurudisha pale pale pa kuingilia, mara kwa mara, ipeleke kwa fundi. Diski ikianza kugonga au mafaili yakikataa kufunguka moja baada ya jingine, izime na usiiwashe tena hadi ifike mezani kwake. Kila dakika inayowaka inapunguza uwezekano wa kuokoa kilichomo. Na mtu akishabandika amri yenye sudo halafu mashine ikabadilika tabia, usijaribu kuirekebisha kwa amri nyingine kutoka mtandaoni. Ukifika, keti karibu naye. Mwombe akuonyeshe amri anazoandika na uziandike kwenye daftari, na neno la siri uliingize kwa mkono wako mwenyewe. Fundi mzuri hatakasirika. Ukirudi dukani, mpigie mpwa wako umuulize aliandika nini siku ile. Kama ni neno tofauti na nililokutajia, niandikie nilione.